Filimbi ya Mwanamaji Iko Shingoni Mwangu

Baba yangu,

Naanza kwa kukiri: filimbi yako ninayo mimi. Ami Khamis, mdogo wako, aliitafuta kabatini, alimuuliza kaka, na akathubutu kumuuliza Mama akiwa bado ndani ya eda yako. Alihangaika bure. Iko shingoni mwangu, kwenye kamba ile ile nyeupe uliyoisuka kwa mkono wako, na siirudishi.

Unaikumbuka kazi yake ya nyumbani. Kule mjini, mtaa wa Malindi, kila uliporudi safarini na wenzako wa kikosi cha wanamaji, hukupiga hodi. Ulipofika pembe ya uchochoro ulipuliza mara moja, mpulizo mrefu, na Mama akaacha alilonalo akateleka chai. Maana yake ilikuwa moja tu: nimerudi salama. Majirani walitucheka, wakasema nyumba yetu ina meli ndani. Hawakukosea. Mashuka tuliyakunja kwa kipimo cha kiganja, na viatu vilipangwa mlangoni vyote vikitazama nje. Miaka thelathini ulitumika hivyo, na sikumbuki siku uliyotoka na shati lisilopigwa pasi.

Siku moja tu filimbi haikulia. Nilikuwa na miaka minane. Ulikuja kimya, ukakaa barazani na viatu vilivyorowa, Mama akakuvua. Mashua iliyochukua wanawake wa harusini ilikuwa imepinduka, na mlipofika ninyi mambo yalikuwa yameshaharibika. Nilikusikia nikiwa nyuma ya mlango: "Nchi kavu ilikuwa pale pale, mke wangu. Hawajui kuogelea, basi." Wiki iliyofuata ulinichukua mimi, si kaka, ukanitia majini. Ulinishika mgongo ukaniambia, "Lala chali. Maji hayana ugomvi na mtu aliyetulia."

Ulinifundisha miaka mitano. Nilipovunja ungo ukaacha. Mama alipokuuliza kwa nini, ulimjibu, "Watu wanasema." Baba, mengi nimekusamehe, hilo bado. Wewe uliyekwenda baharini siku ambazo wavuvi walikaa nyumbani, ulirudishwa nyuma na maneno ya watu wanaokunywa kahawa. Nilikuwa na hasira nawe, na hata sasa ninayo, ingawa nakulilia.

Ulipostaafu mkahamia Jambiani kwa kina Mama, naye akarudia kilimo chake cha mwani. Ulijionea jinsi maji ya karibu yalivyopata moto, mwani ukaoza, wanawake wakalazimika kufunga kamba zao mbele zaidi, kwenye maji ya kifua. Mwaka jana maji ya kujaa yalimchukua jirani yetu Bi Mwanahawa. Kilichomwokoa ni dumu tupu alilolikumbatia. Siku ile ile nilikuja kutoka mjini kukuomba ruhusa niwafundishe. Ulikunywa chai yako yote kwanza. Kisha ukasema, "Mimi nikiwa hai, hapana."

Nilitii. Sikumfundisha mtu mpaka tulipokuzika. Wiki ya tatu baada ya maziko nilianza na wanawake watatu, Jumamosi asubuhi, madera juu ya suruali, mitandio imekazwa, kila mmoja na dumu lake. Sasa wamefika kumi na mmoja. Mara nyingine nafikiri hukunikataza, uliniwekea wakati tu. Lakini sitaki kumsingizia marehemu. Kama ulinikataza, basi nakuasi, na nakuasi kwa elimu uliyonipa mwenyewe.

Ami alikuja Alhamisi, siku mbili baada ya Mama kutoka eda. Shikamoo yangu hakuiitikia; macho yake yalikuwa kwenye filimbi shingoni mwangu.

"Filimbi ya mwanamaji haipulizwi na mwanamke," alisema. "Babaako alikataza, na mimi nnakataza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu langu zima, Ami. Nnalitumia kuogelea."

"Jumamosi tutakuwa pwani, mimi na wazee. Tutaona nani ataingia."

Walikuja kweli. Wazee watano na kanzu zao, wamesimama kwenye mchanga. Wanafunzi wangu wakasita, wengine wakaanza kuficha nyuso kwa mitandio. Nilijua wakirudi majumbani siku ile hawatakuja tena, na maji makubwa ya bamvua yatamkuta mwingine asiye na dumu. Nilikuwa tayari kuwajibu wazee wale kwa maneno ambayo ungenikemea.

Ndipo akaja Mama. Mkeo, Baba, ambaye miaka yote hiyo amefunga mwani bila hata mara moja kuinua miguu yote miwili mchangani. Alivaa dera lake jipya la kutokea eda. Alipofika mbele ya Ami alisimama.

"Shemeji," alimwambia, "mume wangu kanizuia vya kutosha, Mungu amrehemu. Wewe usimsaidie."

Akaingia majini.

Nilimshika mgongo kama ulivyonishika, nikamwambia maneno yako yale yale. Akalala chali. Masikio yalipozama alifumba macho, akanibana mkono mpaka ukabaki na alama. Kisha vidole vikalegea, akaniachia mwenyewe. Baba, Mama alielea. Alipiga miguu mpaka kwenye kamba ya kwanza ya mwani, akashika kijiti, akapumua, akarudi. Wanawake wote kumi na mmoja walikuwa wameshaingia kabla hajafika nchi kavu, na sikumwita hata mmoja.

Alipokanyaga mchanga nilipuliza filimbi yako mara moja, mpulizo mrefu.

Wale wazee wengine hawakuelewa. Ami alielewa, maana alikulia mikononi mwako na chai ile aliinywa pamoja nasi. Aliiokota kanga kavu ya Mama, akampa huku ametazama pembeni, na akaketi mchangani kutusubiri tumalize.

Jumamosi hii tunaendelea. Pumzika, Baba. Ukisikia filimbi usiinuke, ni watu wako wanarudi.

Bintiyo,
mwanafunzi wako wa kwanza