Siku Mbili kwa Shemeji

Jumatatu, 5 Mei. Utende, Mafia

Mvua tangu alfajiri. Hoteli imefungwa kwa masika, wageni hakuna, jikoni tumebaki wawili. Kutwa nimesugua masufuria. Mgongo unauma lakini kazi imekwisha.

Tunasafiri tarehe kumi na tano, mimi na Makame. Safari ya kwanza ya ndege kwa mume wangu. Saada, binti yetu, ni muuguzi huko Bologna na hatujamwona miaka minne. Leo ametuma ratiba. Bologna kwake, Venisi siku mbili, Roma siku mbili, kisha nyumbani.

Halafu akatuma ujumbe mwingine. Shemeji yangu Shaali, kaka yake Makame, amepatikana. Saada amemuuguza baharia mmoja Mtanzania, na baharia huyo anamjua. Yuko Procida, kisiwa kidogo karibu na Napoli. Saada anauliza kama tuiache Venisi twende huko badala yake. Anataka jibu kabla ya Jumamosi, abadilishe tiketi za treni.

Nimemwambia Makame wakati wa chakula. Akasema anakwenda kumwona mwanawe, haendi kuzunguka visiwa. Kisiwani kazaliwa.

Niliendelea kula. Nilikuwa na njaa.

Jumanne, 6 Mei

Shaali mwenyewe amenitumia sauti kwa simu. Nimeisikiliza mara tatu, stoo, kati ya magunia ya mchele.

Miaka thelathini na zaidi Ulaya na bado anazungumza Kijibondo, lahaja ya kisiwani kwao, kama aliyeondoka jana. Mkewe amefariki. Anakaa peke yake. Mwisho akasema: "Shemeji, macho yangu yamebaki kidogo. Njooni kabla hayajafunga."

Sikumpenda mtu huyu. Mama yao alipofariki, miaka kumi na moja sasa, hakuja matanga wala arobaini. Makame alituambia wote kwamba kaka yake alipewa habari na akanyamaza. Nilimsema Shaali kwa kinywa changu, mbele ya watu, nikikuna nazi za msibani. Nilimwita jiwe.

Lakini sauti ile si ya mtu jiwe.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemsikilizisha Makame sauti ile. Hakungoja iishe. Akainuka, akaenda shamba Miburani, mvua inamwagika, kofia ameiacha juu ya meza. Amerudi alasiri ameloa chapachapa, anakohoa. Hakuna mkorosho wala mnazi uliomhitaji leo.

Namjua mume wangu. Hasira yake ni ya kelele. Hii ya kimya si hasira.

Venisi nimeiona kwenye picha alizotuma Saada. Maji na mashua. Nzuri, sikatai. Lakini kwangu ni picha tu, na Shaali ni mtu.

Ijumaa, 9 Mei

Leo ameniambia. Amerudi msikitini, akaketi ukingoni mwa kitanda, kanzu hajavua.

"Alinipigia," akasema. "Wiki ile ile ya msiba. Tiketi alikuwa ameshakata. Nikamwambia asije. Nikamwambia Jibondo hakuna anayemtaka."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema alimuuguza mama yao miaka miwili peke yake, na kila siku mama alikuwa akimuulizia Shaali, hata siku ya mwisho. Yeye Makame hakumtaja.

Nilimhurumia na nilitaka kumpiga, yote mawili kwa pamoja. Miaka kumi na moja nimemchukia mtu kwa uongo wa nyumbani kwangu.

Kisha nikamwambia mimi nitakwenda Procida. Yeye akipenda atabaki Napoli. Akaniambia mke haendi kwa shemeji bila mumewe. Nikamwambia basi mume aje.

Nimemwandikia Saada: futa Venisi.

Jumatano, 14 Mei

Mizigo tayari. Korosho za kukaanga, vikoi viwili, kanga za Saada. Kikoi kimoja ni cha Shaali. Makame alinikuta nakikunja, akakitazama, akapita. Hajasema anakwenda wala haendi. Sitamuuliza tena. Nimeamua, na nalala vizuri.

Jumapili, 18 Mei. Bologna

Saada amenenepa kidogo, alhamdulillahi. Amelia, nimelia, Makame amejifanya anashughulika na begi.

Baridi ya asubuhi inaingia kwenye mifupa. Sokoni nimezungumza Kitaliano changu cha jikoni, miaka ishirini ya kujibizana na wageni. Muuza samaki akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia Mafia. Akacheka mpaka akaita wenzake, na Saada akanieleza kwa nini: kwao Mafia ni jina la majambazi. Pweza wao mdogo, hajapigwa vya kutosha. Nikamwambia hilo pia. Makame alitembea mbele yangu kifua mbele, kana kwamba yeye ndiye aliyezungumza.

Habari za Alhamisi, siku ya kwenda Procida, hazitaji. Saada anamtazama baba yake, ananitazama mimi. Nimemwambia amwache.

Alhamisi, 22 Mei. Procida

Bandarini Napoli Makame aliketi juu ya begi akasema hapandi. Amechoka, amesema. Saada alitaka kumbembeleza. Nikamwambia abaki na baba yake, mimi naenda.

Nimepanda boti peke yangu. Safari haikufika saa moja. Kwetu, kutoka Kilindoni kuvuka mpaka Nyamisati bara, ni mbali zaidi. Sikuogopa hata kidogo, ila nilipoona nyumba za rangi za kisiwa zinakaribia, nilisimama nikajifunga kanga upya.

Shaali alikuwa gatini na fimbo. Mwembamba, nywele nyeupe zote. Hakunitambua mpaka nilipomwamkia. Nyumbani kwake jirani alikuwa ametuletea supu ya maharage. Nilikula, kisha nikamwambia kwamba najua. Nikamwambia pia niliyoyasema msibani. Sikutaka kukaa mezani kwake nikiwa nimeyameza.

Alipapasa kikombe chake, akakishika.

"Makame alikuwa na msiba," akasema. "Mimi ningeweza kupiga tena kesho yake. Sikupiga. Tumekosa wawili."

Nimempigia simu Makame nikamwambia maneno hayo kama yalivyo. Akampa Saada simu.

Ijumaa, 23 Mei

Wamekuja na boti ya asubuhi. Nilikuwa natandika kitanda nikasikia kikohozi cha Makame njiani. Shaali alikisikia kabla yangu. Alikuwa ameshasimama.

Makame alikuja mpaka mlangoni akasita. Mtu wa miaka sitini na tatu, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Shikamoo, kaka."

Shaali alinyoosha mkono mpaka akaugusa uso wake. Mashavu, kipaji, sikio.

"Marahaba. Umezeeka, mdogo wangu."

Saada alinivuta jikoni. Tukawaacha. Tulimenya ndimu kubwa za bustani ya Shaali, nyingi kuliko tulizohitaji. Kupitia ukuta nilimsikia Makame anasema, na kulia, na kusema tena. Nilifurahi. Niandike ukweli: nilijisifu pia.

Mchana akaniambia tukirudi ataenda Jibondo, atawaeleza watu wote aliowadanganya. Hakungoja niulize.

Jumamosi, 24 Mei

Boti yetu ni saa saba mchana. Saada amekwenda kununua mkate.

Makame ameketi chini kizingitini, mguu wa Shaali juu ya paja lake. Anamkata kucha. Shaali hazioni tena, zilikuwa zimepinda. Makame anakata polepole, kidole kimoja, kisha kingine. Mguu wa kulia umekwisha. Jua linafika mpaka magotini mwao.

Nimewawekea chai pembeni.