Oili ya Lori la Haji Nuur

Fundi wangu Daud,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya duka la Haji Nuur, mahali tulipokuwa tukifungulia injini, mgongo wangu nimeuegemeza kwenye gurudumu. Najua hutaisoma barua hii. Lakini mambo haya nimekaa nayo peke yangu mpaka yameanza kunichachia kifuani, na katika mji huu mzima wa Garissa mtu niliyezoea kumwambia ni wewe.

Ulipokuwa hai hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Nilikuwa Bakari wa Fundi Daud, basi. Tulipokuzika tu, nikawa Mpokomo, mtu wa mtoni, mgeni. Hata dukani nikiingia kununua sukari, maneno yalikuwa yanakatika.

Mvua ilishuka mara baada ya maziko. Serikali ikafunga barabara ya Wajir, na lori likasimama hapa nyuma ya duka hadi nyasi zikaota katikati ya magurudumu. Barabara ilipofunguliwa Haji alimpa usukani mdogo wako Gedi, nami nikawekwa pembeni yake, niwe fundi wa safari kama ulivyokuwa wewe. Lori lenyewe unalijua. La jeshi, limeachwa na vita, bodi imetobolewatobolewa, lakini oili halikuwa likiimwaga. Ulikuwa ukiligonga boneti na kujisifu: "Lori hii nakunywa kidogo, lakini haitabiki." Nami nakucheka, nakwambia sema "haitapiki", na wewe unanirushia kitambaa cha grisi.

Fundi, lilianza kutapika.

Safari ya kwanza tulipofika Habaswein nilivuta kijiti cha kupimia, nikakuta oili imeshuka sana. Nikaongeza. Wajir nikaongeza tena. Nilipolala chini ya gari nikaona sampu imelowa, bakuli lote la chini linang'aa, tone linafuata tone. Nikabadilisha gasketi ya sampu, nikakaza nati moja moja. Safari iliyofuata ikawa vilevile. Nikabadilisha tena. Mara ya tatu oili iliisha njiani, na debe la akiba likaisha nalo, mahali pakavu kabisa, huku tumebeba abiria. Ilitubidi kuzima injini tusiiue. Akina mama walikaa chini ya miti ya miba na watoto wao, wakagawana maji kwa kifuniko cha birika, hadi lori la watu wengine lilipopita likatupa oili. Hakuna aliyekufa. Lakini niliziona nyuso zao, Fundi. Kila jicho lilikuwa kwangu.

Na mimi jicho langu lilikuwa kwa Gedi.

Nisikufiche. Tulipokuwa kwenye mnada wa mifugo huko Griftu nilimwona ngamia wa nyumba yenu, yule jike mwenye sikio lililochanika, shingo na mapaja yamepakwa oili nyeusi. Najua wafugaji huipaka kutibu upele. Na najua oili haitoki mbinguni. Nikajiuliza, imetoka wapi? Gedi aliponiona natazama alimshika ngamia kamba, akamgeuza upande wa pili. Kwa nini amgeuze? Kuanzia hapo kila alichofanya nilikiona kwa jicho hilo. Akienda haja, nasema amekwenda kuficha debe. Akitabasamu, ananicheka. Akinyamaza, ana la kuficha.

Kumbe naye alikuwa akinipima hivyohivyo. Haji alipotuita dukani, Gedi alininyooshea kidole mbele ya wateja. "Haji, huyu nataka kiti yangu. Nafungua nati ya oili, halafu nasema Gedi ni mwizi. Walahi, mimi najua!"

Nami nikamjibu, "Muulize ngamia wako."

Laiti ungelikuwepo. Haji alituangalia, huyu na huyu, akapiga meza. "Kati yenu mmoja ananiibia na mwingine anamficha. Baada ya Ijumaa mtashika Msahafu mbele ya sheikh. Atakayekataa atajieleza kwa askari."

Gedi alitoka bila kuvaa viatu vyake. Huenda ilikuwa hasira, lakini wakati ule niliamini kuwa ni hofu.

Tulibakiwa na safari moja kabla ya Ijumaa. Nikaamua nimkamate. Nilichukua uzi mweusi wa kushonea, nikaufunga kwenye nati ya kutolea oili kwa fundo tunalofungia nyavu kwetu. Anayeligusa fundo lile hawezi kulirudisha kama halijui. Nikajaza oili mpaka alama ya juu, nikapanda.

Tulikwenda Habaswein. Tulipofika niliingia chini mbio, na nikiwa chini nikaona miguu ya Gedi inakimbilia mbele, kwenye boneti. Uzi wangu ulikuwa mzima, fundo langu lilelile. Nikatoka. Gedi alikuwa ameinamia kifuniko cha kujazia oili, anakitazama. Alikuwa amechora mstari wa mkaa kutoka kwenye kifuniko hadi shingoni mwake, ili ajue kama nimekifungua. Mstari ulikuwa umekutana sawasawa. Mtego wangu mzima, wake mzima, na kijiti kimetoka na oili nchani tu.

Tukatazamana.

"Kama si wewe," akasema, "na si mimi..."

Nikakichovya kijiti mara ya pili. Ikawa vilevile.

Ndipo nikakusikia, Fundi. Si mzuka, usicheke. Nilikusikia kama mtu anavyosikia alichofundishwa. "Mafuta haina miguu ya kubanda. Maji ya chini natoka kwa jirani ya juu. Tazama juu." Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania sampu kwa sababu ndiko kulikolowa, na kwa sababu ndiko mwizi angefungua. Nilikuwa natafuta mtu, sikuwa natafuta tundu.

Tuliosha injini yote kwa mafuta ya taa na brashi, mimi upande huu, yeye upande ule, kila mmoja akichunga mikono ya mwenzake. Tukaikausha. Kwa fundi mwashi aliyekuwa akijenga hapo tukapata chokaa, tukaipuliza juu ya injini ikawa nyeupe kama imegaragazwa kwenye unga. Kisha Gedi akawasha, nami nikasimama na kitambaa.

Nilitegemea kuona mstari mmoja mweusi. Nikaona mingi. Oili ilichungulia kwenye kifuniko cha valvu, ikachungulia mbele, ikachungulia nyuma, chokaa ikawa inalowa kila mahali kwa pamoja. Injini inayotoboka haitoboki pote siku moja. Halafu kijiti cha kupimia, mbele ya macho yangu, kikajisukuma chenyewe kikapanda juu, kama kuna mtu ndani anakirudisha.

"Zima!" nikapiga kelele. "Gedi, zima, haipumui!"

Unalikumbuka lile bomba la kupumulia, linaloshuka ubavuni kutoa hewa chafu ya injini? Nililifungua, nikalitazama kwenye jua. Giza. Nikaingiza waya, ikagonga kitu kigumu. Nikalipiga kwenye jiwe, na ukamwagika udongo mkavu, vipande vipande, na ndani yake buibui waliokauka na maganda ya funza wa nyigu. Wakati wa mvua, lori lilipokuwa limelala, nyigu wa udongo alikuwa amejenga nyumba yake humo akaiziba kabisa. Hewa ilikosa pa kutokea, ikawa inaisukuma oili kwenye kila gasketi.

Gedi alichukua kipande cha udongo ule, akakiweka kiganjani. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia, Fundi. Alikulilia wewe, kwa sauti, mara ya kwanza tangu maziko, na mimi nikasimama na waya yangu sijui niiweke wapi.

Aliponyamaza ndipo aliponiambia habari za ngamia. Oili ile ilikuwa chafu, ile tuliyokuwa tukiimwaga kila tukibadilisha, na debe la mwisho alikuwa bado nalo. Wewe ndiwe uliyekuwa ukimpa, na ukamwambia asimwambie mtu, Haji asije akaitaka. Sawa. Lakini mimi, Fundi? Mimi niliyekuwa nikishika debe? Ungenitajia neno moja tu, nisingemwona mdogo wako mwizi. Hilo linaniuma, na nimeliandika ili lisibaki tumboni.

Tulikata gasketi mpya kwa boksi gumu la majani ya chai, nikazipaka sabuni, nikakaza nati kwa kuvukavuka, moja huku na ya pili ng'ambo yake, kama ulivyonionyesha, bila hasira. Tukafika Wajir, kijiti kikasoma pale kiliposoma asubuhi. Haji nilimwonyesha udongo wa nyigu. Aliugeuzageuza, akaunusa hata. Habari ya Msahafu haikusemwa tena, na radhi haikuombwa pia. Gedi naye bado hupima oili baada yangu. Na mimi hupima baada yake. Sidhani kama jambo hilo litaisha upesi.

Juzi tulipita nyumbani kwenu. Mama yenu alikuwa ameshasikia, huko malishoni maneno hufika kabla ya gari, kwamba mtu wa mtoni anamharibia mwanawe. Hakuitikia salamu yangu. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akaweka bakuli moja la wali na maziwa ya ngamia, akasema kitu kwa Kisomali. Gedi akanifasiria huku anaangalia pembeni: "Nasema tule bamoja, yeye aone."

Akasimama hapohapo, mikono nyuma, hadi mkono wa Gedi na wangu ilipoingia bakulini. Ndipo alipokaa, akaniuliza jina langu.

Mungu akulaze pema, Fundi wangu, akupanulie kaburi. Kesho tunapakia kwenda Wajir. Nakuahidi jambo moja: maadamu nipo kwenye kiti cha pembeni, Gedi atarudi nyumbani kwa yule mama.

Ni mimi, mwanafunzi wako,
Bakari