Siku Zako Zote

Makindye, Kampala
Jumapili, baada ya ibada

Dada Nekesa,

Kabla sijakuuliza hata kama mmeamka salama, acha nitoe hili ambalo sijamwambia mtu yeyote: nimesema uongo kituo cha afya, na kwa sababu yangu kuna mwanamke anaogopa kufa.

Sasa nikujulie hali. Kifua cha Mama kimetulia? Mahindi yamepata mvua? Huku mwili ni mzima. Shangazi bado anauza samaki wa mwaloni Ggaba, na shule inaendelea.

Nilikuandikia kwamba kila Jumamosi naenda kutafsiri kwenye ule mpango wa afya ya uzazi kwa vijana. Wake wengi wa askari wa kambi ya jeshi iliyo hapa jirani wametoka kaskazini. Kiganda hawajui, Kiingereza hawajui, ni Kiswahili tu. Musawo, ndivyo huku wanavyomwita muuguzi, yeye Kiswahili kinampiga chenga. Basi mimi nakaa katikati. Kwa Kiingereza, maneno yale ya mwili nayasema bila taabu, kama ya kitabuni. Kwa Kiswahili, dada, naona kama Mama ameingia.

Akello ni jirani yetu, ana miaka ishirini. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na daktari akamwonya asibebe mimba nyingine kabla ya miaka miwili. Akaja kuchukua vidonge vya kupanga uzazi. Musawo akasema aanze siku ya kwanza ya hedhi, kisha ameze kimoja kila siku bila kuruka, mume awe nyumbani au kazini. Benchi limejaa wanawake, wote wananitazama. Neno hedhi likanikwama. Nikasema, "Anza ukiwa kwa siku zako, umeze kimoja kimoja."

"Wewe mwalimu, unaongea na mimi ama na sakafu?" Akello akauliza, benchi zima likacheka. "Ni kwa siku zangu zote?"

"Ndiyo, siku zako zote," nikajibu, ili tu yaishe.

Miezi ikapita. Jana amerudi kituoni na mimba.

"Dawa yenu ya uongo! Mimi nakula vizuri, sikosi hata siku moja!"

Akamwaga pakiti zake mezani. Kila pakiti ilikuwa na matundu matano. Vidonge vingine vyote vilikuwa vimekaa vile vile kama vilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo nilipoelewa: alikuwa anameza siku zake za mwezi tu, kama nilivyomwambia.

Musawo akanigeukia. "Ulimwambia kila siku?"

"Nilimwambia."

Akaandika kwamba Akello hakufuata maelekezo. Nilimwona akiandika, nikamwita mama anayefuata.

Jioni yake Akello alinishika mkono, akataka kujua kama mshono utastahimili. Ananiuliza mimi, eti kwa kuwa nimesoma! Na si yeye peke yake, dada. Wengine nimewatafsiria kwa maneno yale yale, sura zao nazikumbuka ila majina yamo kwenye daftari la Musawo. Huenda hata leo kuna anayemeza vile. Kesho nitakwenda kumwambia Musawo ukweli, hata akinifukuza. Kwa Kiingereza nitaweza. Lakini Akello lazima nimwambie kwa Kiswahili, tena bila kuzungukazunguka. Wewe ungeanzaje?

Nisalimie Mama, ila barua hii usimsomee. Msalimie Babu mzee wa kanisa, na shemeji fundi wa cherehani, mwambie sare aliyonishonea bado inanitosha. Uniombee.

Mdogo wako,
Nafula

Dada, nasikia ndara uani. Ni Akello, anambembeleza mtoto huku anakuja. "Mwalimu, uko ndani?" Acha niisukume karatasi hii chini ya kitambaa cha meza. Sijui hata naificha ya nini, kusoma hajui.