Kijiko cha Maji katika Wiski ya Jumapili

Ilunga, ndugu yangu,

Kilio chako kilimalizika jana, nami nimerudi nyumbani kama mtu aliyefukuzwa. Kiti chako kiko wazi mbele yangu. Chupa yetu iko mezani, sijaigusa.

Acha nikueleze kwa utaratibu. Unajua siwezi kueleza namna nyingine.

Siku ya kumaliza kilio, familia husimama na kusema mbele ya wote ni nini kilichomwondoa marehemu, ili watu wasisingiziane. Mke wako, Mama Feza, akasimama. Akasema ni ini. Akasema daktari wa Lubumbashi alikukataza pombe yoyote tangu mwaka juzi. Hapo mdogo wako Kasongo akanigeukia: «Tata Prof, si weye njo ulikuwa unamumiminia wiski kila dimanche mukitoka misa?»

Nilifungua mdomo niseme sikujua. Mama Feza akanitangulia, tena kwa upole, Ilunga, kwa upole! «Mumuache. Prof alikuwa anajua. Ilunga aliniambia: anamupimia na kijiko, sawa dawa.»

Kijiko! Wewe uliyejua vizuri kile kijiko kilikuwa cha nini.

Kumbuka mwanzo wetu. Ulipostaafu kuendesha malori ya mgodi wa Mashamba, hukuwa umeonja wiski ya maana. Ya kwanza niliyokupa ilikuwa yenye harufu ya moshi, ukaitema: «Prof, hii inanuka sawa dawa ya lupitalo!» Kosa lilikuwa la mwalimu, anayeanza huanzishwa taratibu. Nikamwagiza dereva wa Kasumbalesa, kule mpakani, aniletee hii: ya shayiri tupu, ya kiwanda kimoja cha Uskoti, bei ambayo mstaafu anaiweza, iliyolala katika mapipa yaliyowahi kubeba sheri, ile divai ya Hispania. Mbao za pipa hunywa divai, kisha huipa wiski kile zilichokunywa: zabibu kavu, asali, ganda la chungwa. Nikakufundisha kunusa kwanza, halafu kudondosha maji kwa kijiko cha chai, matone machache tu, ili harufu ifunguke. Maji, Ilunga. Ukafumba macho: «Eh! Hii njo keki ya Noeli ya kunywa.» Nilicheka mpaka nikakohoa.

Tangu hapo, kila tukitoka misa: «Ongeza kiloko, Prof, mi ningali mwanafunzi.» Nami naongeza kidogo. Ulijua daktari alisema nini, ukaniacha niendelee na hadithi za mapipa. Kwa nini? Tungekunywa chai. Ningekueleza chai mwaka mzima, si unanijua.

Jana nilinyamaza. Kusema sikujua kungekufanya mwongo mbele ya mjane wako na watoto wako. Kunyamaza kumenifanya mimi mtu aliyekupimia kifo. Leo asubuhi, mlangoni pa kanisa, Kasongo hakunipa mkono.

Sitamwambia Mama Feza. Hiyo ni ahadi, nami nitaibeba, ingawa hukuniomba, ulinitwika tu. Lakini kwako wewe sitanyamaza.

Nenda salama, ndugu yangu. Jumapili ijayo nitakuja kaburini. Watu watatazamia nikumwagie wiski, kama inavyompasa mtu kwa rafiki aliyekunywa naye. Chupa itabaki hapa nyumbani. Nitakuja na kijiko na maji, na mara hii utakunywa alichokuruhusu daktari.

Prof wako