Fomu ya Mama, Mheshimiwa Waziri

Missouri City, Jumapili

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje, Serikali ya Congo Uhamishoni, apatimenti namba 214, Garland.

Kaka Émile,

Huku hatujambo. Mwanangu Shalom ameanza kuota meno. Bibi Halina, yule mzee Mpolandi ninayemtunza, alicheka mpaka akakohoa nilipomtajia cheo chako.

Baba yake alikuwa karani wa serikali ya Poland iliyokimbilia London wakati wa vita. Waingereza waliwapa ofisi na chai, wakawachukua marubani wao wawapiganie. Vita vilipokwisha, wakaitambua serikali nyingine. Karani akaendelea kufunga tai kila asubuhi. Mama wa karani huyo alikuwa kambi ya wakimbizi ya Tengeru, Tanganyika, lakini karani alikataa kusaini karatasi ya Waingereza ya kumleta, eti serikali haiombi. Bibi kizee akazikwa hukohuko.

Sasa wewe. Mzungu mmoja anawapa ukumbi na kahawa, na tayari hushikiki. Mama yuko kambini Nyarugusu, anapanga foleni ya unga na mguu wake mbovu. Raia wa nchi hii ni wewe, mimi bado, kwa hiyo fomu ya kumwombea aje huku unaweza kuisaini wewe tu. Ukamjibu mkeo Clothilde kwamba waziri hapeleki maombi kwa serikali ya kigeni. Ulipoinua mkono kuapa uraia wa serikali hiyohiyo, mbona hukuuona ugeni wake?

Fomu naituma tena. Nimeikagua yote: ina nafasi ya jina, tarehe na sahihi. Ya cheo haina.

Mdogo wako,
Orpa