Spana Isiyo na Garantii

Mjukuu wangu Lugano,

Ugonile? Huku Isongole mvua haitupi nafasi hata ya kuanika mahindi. Bibi yako hajambo, goti limetulia, na jana kanifukuza jikoni kwa kudokoa maharage.

Umeniuliza kama ununue spana mpya zenye garantii au za mtumba. Mimi nitakusimulia tu, uamuzi ni wako.

Enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango, maduka ya Tukuyu yalijaa spana zinazong'aa kama vijiko vya harusi. Nilinunua seti pale Makandana kwa Mama Atupele, mjane wa fundi. "Ikivunjika, lete nikupe nyingine," aliniambia, na hakunidanganya. Namba kumi na tisa ilipanuka mdomo, akanibadilishia. Ya pili ikapasuka, akanibadilishia tena bila neno.

Ya tatu ikavunjikia mkononi mwangu chini ya lori la majani ya chai, njia ya Masukulu, jua linawaka. Nikadandia baiskeli hadi dukani. Mama Atupele akanyoosha mkono kwenye boksi la spana mpya.

"Mama," nikamwambia, "spana utanipa. Majani ya watu yanaungulia garini, nayo utayabadilisha?"

Akaingia ndani, akatoka na spana nyeusi ya marehemu mumewe, mpini umelainika kwa kushikwa.

"Shika. Hii haina garantii."

Chai ilifika kiwandani siku ileile, na spana ile nikaishika mpaka nilipostaafu. Nimeipaka grisi, nimeizungushia gazeti, imo kwenye kifurushi hiki. Ikivunjika, mjukuu wangu, sina nyingine ya kukupa.

Babu yako