Njia ya Ng'ombe Kwenye Ramani

Kitengela, Alhamisi usiku

Na vile alinisimamia mchana kutwa, huyu mzee anayeuza ploti, kidole kwa skrini! "Madam, toa hiyo njia ya ng'ombe kwa ramani ya tangazo langu, inafukuza wateja. Chora mfereji hapo." Maji yenyewe kwa hizo ploti hakuna.

Niliitoa, nikachora mfereji. Kazi ni kazi, nikajiambia.

Jioni Mama Naisiae akaniletea maziwa hapa dukani ninapochora matangazo. Akaitazama ramani, akauliza ng'ombe wake watapitia wapi kwenda mtoni. Nikajifanya natafuta sufuria.

Sijaenda nyumbani. Nimefuta mfereji, nimerudisha njia, nene kabisa. Kesho disketi inaenda kuchapishwa. Mzee akiuliza, nitasema kompyuta ilikataa. Niko na woga, basi. Lakini atakayenunua ajue ng'ombe walimtangulia.